Mita Mbili kutoka kwa Babu

Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe, lakini kililetwa ndani ya chungu cha chuma kilichomfanya mtaalamu wa mionzi, kijana wa miraba minne mwenye miwani, aegemee upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo ya zege. Mzee Randa alikitazama kile chungu, akamtazama kijana, kisha akarudi kwenye chungu. Alikuwa seremala kwa miaka arobaini na mmoja. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika mtaani. Watu walimwita Randa kwa sababu ya kile kifaa cha kulainishia mbao ambacho hakikumtoka mkononi. Uzito wa kitu aliujua kwa macho. Chungu cha ukubwa ule hakikuwa na haki ya kuwa kizito namna ile.

"Ni risasi," kijana akasema, alipoona anavyotazamwa.

"Risasi? Kwani unataka kumpiga nani?"

"Si ya bunduki, mzee wangu. Ni madini ya risasi. Yanazuia mionzi isitoke."

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, Mzee Randa alikuwa amepasuliwa shingo na kutolewa uvimbe mbaya kwenye tezi. Madaktari walisema huenda kuna chembe zimebaki, hazionekani, na dawa yake ndiyo hii. Tezi ile inapenda iodini, kijana alimweleza, iodini hii hii inayotiwa kwenye chumvi. Basi wao wanaipelekea iodini yenye mionzi. Chembe zilizobaki zitaimeza kwa pupa, na mionzi itaziunguza humo humo zilimojificha.

"Kwa hiyo ni sumu."

"Ni dawa, mzee wangu."

"Mbona unaishika kwa koleo?"

"Kwa sababu mimi siumwi."

Jibu lile lilimpita Mzee Randa kushoto na kulia. Akakitia kidonge mdomoni, akakisindikiza kwa maji. Hapo hapo kijana akarudi nyuma hatua tatu, akamwelekezea kifaa chenye mkono kama wa pasi, akasoma namba kwa mbali, akaandika, akatoka. Mlango ukajifunga taratibu. Ulikuwa mlango wa mbao, lakini ulishikwa na bawaba nne nene badala ya tatu, na bado ulilalamika ukizunguka. Mzee Randa akajua kuna bamba la risasi katikati. Mtu hatengenezi mlango wa hivyo kwa mzaha.

Alikaa chumba kile siku tatu. Chakula kilisukumwa kwa kigari hadi kizingitini, na wauguzi walimsalimia kwa simu ya ukutani. Aliambiwa anywe maji kwa wingi na akitoka chooni amwage maji mara mbili, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa ingetoka kwa njia hiyo. Alijipapasa mwili mzima akitafuta mabadiliko. Hakukuwa na joto wala mwasho, mate tu yalikuwa machache na chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Siku ya pili alizima taa ya msalani, akafunga mlango, akajitazama mikono kama inawaka. Haikuwaka. Akaona haya, akawasha taa.

Siku ya kutoka, kijana alimsomea masharti akiwa amesimama mlangoni. Siku kumi na nne alale peke yake. Vyombo vyake viwe vyake. Akae mita mbili kutoka kwa watu, na watoto wadogo na wajawazito wasimkaribie kabisa.

"Kwani inaambukiza?"

"Haiambukizi hata kidogo."

"Sasa kama haiambukizi, nikae mbali kwa nini?"

"Kwa sababu unatoa mionzi."

Mzee Randa akajitazama kuanzia kifuani hadi miguuni. "Natoa kwa wapi?"

"Kila upande."

Njia nzima ya kurudi nyumbani maneno hayo mawili yalimzunguka kichwani. Jasho angeweza kulifuta, harufu angeweza kuiosha, kikohozi angekizuia kwa kiganja. Kitu kinachotoka kila upande anakizuiaje?

Nyumbani walikuwa wanawake watupu. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Mkwe wake, mke wa mtoto wao mkubwa, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mumewe alikuwa safarini na lori kama kawaida. Bintiye wa mwisho, Kitinda, alikuwa kidato cha tatu. Na alikuwapo mjukuu wa miaka minne, mtoto wa mkwe, waliyemwita Sisimizi kwa sababu hapakuwa na tundu asiloingia. Mzee Randa alihamia karakana yake nyuma ya nyumba, kitanda kikawekwa kati ya rundo la mbao na meza ya kazi. Mkewe alichukua futi yake mwenyewe ya kupimia nguo, akapima mita mbili kutoka mlango wa karakana, akachora mstari wa chaki uani. Chakula kiliwekwa juu ya kigoda penye mstari. Mwenye kukileta akirudi nyuma, mwenye kula anakuja.

"Hiyo mionzi inapita ukutani?" mkewe aliuliza siku ya kwanza, akiwa ng'ambo ya chaki.

"Wanasema mingine inapita."

"Basi kukuweka nyuma ya ukuta kunasaidia nini?"

Mzee Randa alikuna kichwa. "Labda ikipita inafika imechoka."

Mkewe alimtazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa asichojua kitachuja rangi au hakitachuja, kisha akaenda zake.

Aliyebaki wa kumtegemea ni Kitinda. Jioni baada ya shule, kabla jua halijazama, alikuja na daftari lake la fizikia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya mstari. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeulizwa, kwa mara ya kwanza, jambo ambalo baba yake halijui.

"Kila kitu ni maada, Baba. Na maada yote imejengwa kwa atomu. Hata ubao huo."

"Atomu nimezisikia. Ni kama vumbi la mbao."

"Ndogo zaidi. Vumbi moja lina atomu zisizohesabika. Na atomu yenyewe, ndani, karibu yote ni tupu. Kuna kiini katikati, kidogo mno, halafu elektroni ziko mbali huko pembeni. Katikati hamna kitu."

Mzee Randa aliinuka, akachukua nyundo, akagonga meza ya kazi. Ikalia koo, koo. "Hii ni tupu?"

"Karibu yote."

"Na nyundo?"

"Nayo."

"Sasa tupu ikigonga tupu, mlio unatoka wapi? Mbona nyundo haipiti?"

Kitinda alifunua kurasa mbili. "Kani. Elektroni za nyundo zinazisukuma za meza kabla hazijagusana. Mwalimu alisema tukishika kitu, kusema kweli hatukigusi. Tunahisi kusukumwa tu."

Mzee Randa alikaa kitandani. Alifikiria vitanda, makabati, madawati, majeneza mawili aliyowatengenezea wazazi wake akilia. Alifikiria viganja vyake, vyenye sugu ngumu kama kwato. "Miaka arobaini na mmoja," akasema polepole, "sijagusa ubao hata mmoja?"

"Ndivyo alivyosema mwalimu."

"Na hizi sugu zimetoka wapi?"

Kitinda alilitafuta jibu kwenye daftari, halikuwamo.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya nusu-uhai, na hapo ndipo kichwa cha Mzee Randa kilipoanza kuzunguka kama pia. Kitinda alisema iodini ile ikikaa siku nane, nusu ya atomu zake zinakuwa zimetoa mionzi na kugeuka kitu kingine, gesi isiyo na madhara. Siku nane nyingine, nusu ya zilizobaki. Kisha nusu ya hizo.

"Nyingine unazitoa kwa mkojo, kwa hiyo zinaisha mapema zaidi," akaongeza.

"Ngoja kwanza. Kila mara nusu?"

"Kila mara nusu."

Kitinda alipoondoka, Mzee Randa alichukua kijiti cha mita moja, akakikata katikati. Akakata nusu. Akakata nusu ya nusu. Alipofika kipande cha ukubwa wa kucha, msumeno ulikataa, akashika patasi. Patasi ilipokataa, alibaki na kijibanzi kwenye ncha ya kidole, na bado kilikuwa na nusu yake. Kwa hesabu ile iodini haiishi milele. Sasa mbona wamempa siku kumi na nne?

Kesho yake alimngoja binti yake kwa swali jingine. "Atomu zinazotangulia kugeuka ni zipi? Zilizotangulia kutengenezwa?"

"Haijulikani, Baba."

"Mwalimu wenu hajui?"

"Hakuna anayejua. Unaweza kujua nusu itageuka, lakini hii au ile, huwezi."

"Yaani hakuna foleni?"

"Hakuna."

Alikasirika kweli kweli, kama mtu aliyeambiwa ametozwa faini kwa bahati nasibu. Ndani ya shingo yake mwenyewe mambo yalikuwa yakitokea bila mpangilio, na hata wasomi walikuwa wameshika tama.

Lililotokea lilitokea siku yake ya sita nyumbani, alasiri. Mkewe alikwenda kununua uzi. Kitinda alikuwa shule. Mkwe alikuwa amejilaza chumbani, miguu imevimba. Mzee Randa alitoa kiti cha mikono mlangoni mwa karakana apunge upepo, na usingizi ukamchukua.

Aliamshwa na uzito kifuani. Kwanza alidhani ni ndoto. Kisha akaona nywele zilizosukwa, zenye vumbi la mbao, chini kabisa ya kidevu chake. Sisimizi alikuwa amelala fofofo juu yake, mdomo wazi, shavu limebandikwa kwenye kovu la shingo. Kikombe cha babu cha maji kilikuwa kimelala chini, kitupu.

Mzee Randa aliganda. Alijiuliza akimwamsha ni vibaya zaidi au akimwacha. Akipumua je? Amelala hapa dakika tano, au saa nzima? Wakati bado anajiuliza, mkwe alitokea mlango wa jikoni, akaona, akapiga ukelele uliowatoa kuku wa jirani kwenye ua.

"Baba! Mweke chini!"

Akasimama na mtoto mikononi.

"Usimsogelee! Yaani, mwache! Mweke!"

Mkwe alipiga hatua mbili mbele, akakumbuka tumbo lake, akalishika kwa mikono miwili, akarudi nyuma, akaja tena. Mzee Randa alimnyoosha mtoto mbele yake kwa urefu wote wa mikono, kama mtu anayebeba sufuria linalovuja, akageuka kushoto, akageuka kulia, asijue amweke wapi ambako ni mbali na yeye wakati ni yeye aliyemshika. Mwishowe akamtua chini na kurudi nyuma haraka.

Sisimizi alifungua macho, akamwona babu anakimbia, akacheka. Akamfuata.

"Kaa huko!" Mzee Randa alisema, akizunguka meza ya kazi.

"Babu, nakukamata!"

"Nimesema kaa huko!"

Walizunguka meza mara tatu, mzee wa miaka sitini na minne na nguo yake ya kulalia, na mtoto akipiga makofi nyuma yake. Mzunguko wa nne, Mzee Randa alipanda juu ya rundo la mbao, akafika kileleni akihema, akashika boriti ya paa. Mtoto alisimama chini, akainua mikono abebwe. Hakubebwa. Babu alitazama pembeni. Ndipo uso wa mtoto ulipobadilika na kilio kikaanza, na kule uani mama yake naye akawa analia, na Mzee Randa kule juu, vumbi puani, hakuelewa amefikaje mahali ambapo kumpenda mjukuu ni kumkimbia.

Mkewe alipoingia na uzi wake, hakuuliza maswali mengi. Alimbeba mtoto kiunoni, akamwita jirani mwenye gari la mizigo, na wote wakaenda hospitali: bibi na mtoto mbele, babu nyuma peke yake kati ya magunia matupu.

Mtaalamu wa mionzi aliwasikiliza bila kukunja uso. Alimkalisha Sisimizi kwenye kiti, akakileta kile kifaa chenye mkono kama wa pasi, akakipitisha mikononi, mdomoni, shingoni, kwenye nguo. Kikalia: ti. Ti, ti. Ti.

"Inalia!" mkewe Mzee Randa akaruka. "Imemwingia!"

"Subiri, mama." Kijana akakielekeza ukutani. Ti. Ti, ti. Akakielekeza dirishani, kwenye dawati, kisha kifuani mwake mwenyewe. Ti, ti. Ti.

"Mbona inalia na hapo hapana mgonjwa?"

"Kwa sababu mionzi iko kila mahali. Mawe yanayo, udongo unao, mingine inatoka angani. Hata sisi miilini tunayo kidogo, kutokana na chakula. Kwa mjukuu wako kinalia sawa na kwenye ukuta. Hana dawa mwilini."

"Alikunywa maji ya kikombe chake," Mzee Randa akasema kutoka mlangoni, mahali alipojipangia kusimama.

"Leo ni siku ya tisa tangu umeze kile kidonge. Kwenye mate yako dawa imebaki kidogo mno. Nimempima shingo mara mbili, hakuna kitu."

"Na ile mionzi iliyotoka kwangu ikampiga alipolala? Iko wapi?"

"Mingine ilimpita ikaenda zake. Mingine iliishia mwilini mwake, ikazimika. Haikai. Taa ikikumulika, ukiondoka huondoki na mwanga mfukoni."

"Lakini ilimdhuru au haikumdhuru?"

Kijana alivua miwani, akaifuta. "Kiasi alichopata ni kidogo sana, mzee wangu. Kidogo kiasi kwamba hakuna daktari atakayeweza kuona tofauti. Siwezi kukuambia ni sifuri. Nakuambia ni kidogo."

"Ndiyo au hapana?"

"Kidogo."

Mzee Randa alitikisa kichwa. Alishazoea mbao: imetosha au haikutosha. Kijana, labda kwa kumwonea huruma, akamwelekezea kifaa yeye sasa, kwa umbali wa mita moja. Sauti ikawa mvua juu ya bati. Kwa mara ya kwanza Mzee Randa alijisikia kwa masikio yake. Hakuwa na maumivu yoyote, hakuwa na hili wala lile, na huku anatiririka. Mkewe alijiziba mdomo.

"Rudi nyuma mita moja nyingine," kijana akasema.

Akarudi. Mvua ikapungua ghafla.

"Imepungua zaidi ya nusu," Mzee Randa akasema. Masikio yake yalizoea kupima.

"Imebaki robo."

"Kwa nini robo? Umbali umezidi mara mbili, basi ingebaki nusu."

"Kwa sababu inatawanyika huku na huku, na juu na chini."

Mzee Randa akatafakari, na kitu kimoja kikajipanga kichwani, cha kwanza tangu siku ya chungu. "Kama meza. Nikiongeza urefu mara mbili na upana mara mbili, nataka mbao mara nne."

"Hasa!"

"Kwa hiyo mbao zile zile zikitandazwa kwenye meza kubwa, kila mahali panapata robo."

"Mzee wangu, ungekuwa mwanafunzi wangu ningelala usingizi mzuri."

Alifurahi kwa muda mfupi tu. Sisimizi alikuwa akimtazama kutoka mapajani mwa bibi yake, na alipomtabasamia, mtoto aligeuza uso. Alichoshika yeye ni kwamba babu alipanda juu ya mbao ili asimbebe. Meza na robo hazikumhusu.

Siku zilizobaki mkwe alipelekwa kwa mama yake pamoja na mtoto, na ua ukawa kimya. Mzee Randa aliandika maswali kwa penseli kwenye kipande cha ubao alichokipiga msasa, kumi na moja kwa jumla. Kwa nini kitu kinachounguza uvimbe hakiunguzi koo zima? Kama atomu ni tupu, mionzi inapiga nini? Risasi ina nini ambacho ubao wa mninga hauna? Kitinda alijibu manne, na mawili kati ya hayo aliyajibu tena kesho yake kwa namna nyingine.

Siku ya kumi na tano alirudi hospitali na ubao wake kwapani. Kifaa kililia karibu kama kinavyolia ukutani. Alipigwa picha ya shingo kwenye mashine kubwa, akalala tuli nusu saa, kisha akaketi mbele ya kijana, safari hii meza moja kati yao.

"Masharti yamekwisha, mzee wangu. Rudi kitandani kwako, beba wajukuu. Picha haionyeshi chochote kilichobaki."

"Kwa hiyo nimepona."

"Haionyeshi chochote. Tutapima tena baada ya miezi sita."

Mzee Randa alisoma maswali yake kwenye ubao, moja baada ya jingine. Kijana alijibu yote kwa subira, akachora miduara na mishale kwenye karatasi, akasimama kuonyesha kwa mikono. Mzee Randa aliitikia ndiyo, ndiyo. La mninga alilielewa: uzito, atomu nene zilizosongamana. Mengine yaliingia na kutoka. Akashukuru, akakunja karatasi yenye mishale, akaitia mfukoni.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Alipomwona alisogea kumpisha, kisha akajishtukia, asijue asogee mbali kiasi gani. Mzee Randa naye alisimama. Walitazamana hivyo, watu walioishi pamoja miaka thelathini na tano, kila mmoja akimngoja mwenzake apime. Mwishowe mkewe akamvuta shati, akamkalisha, bega kwa bega. Bega lake lilikuwa na joto.

"Haya," akasema. "Amesemaje?"

Mzee Randa alifungua mdomo. Alifikiria miduara, mishale, nusu na nusu yake, na lile neno "haionyeshi". Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua, akaigeuza juu chini, akaitazama.

"Amesema twende nyumbani," akasema. "Njiani tumpitie Sisimizi."